Rangi Zipo, Haziagizwi

Hotuba kwa wanafunzi wa urembo, mafundi wa mekapu na wenye maduka ya vipodozi, Nairobi. Imeandikwa kama ilivyosemwa, pamoja na maswali matatu ya mwisho.

Walimu, wanafunzi, kina dada wa saluni, na nyinyi wenye maduka mliofunga mapema leo ili mfike hapa, hamjambo? Nawaona wenye maduka mmekaa nyuma karibu na mlango. Tafadhali msitoke. Sehemu kubwa ya maneno ya leo ni yenu.

Nimeombwa nieleze jinsi ya kumpatia kila mteja fondesheni, ile rangi ya kwanza ya kusawazisha uso, inayomkaa, awe maji ya kunde au mweusi tii. Ningeweza kuanza na brashi na sponji, maana huko ndiko ninakokula. Lakini fundi hapaki rangi ambayo haimo mkobani. Haimo mkobani kwa sababu haikuwa dukani, na haikuwa dukani kwa sababu kuna mtu alikaa na karatasi ya oda mbele yake, akaipita. Nitaanza na mtu huyo, halafu nije kwa mkono wa fundi.

Zamani tulikuwa tunalaumu viwanda, na tulikuwa na haki. Siku hizi lawama hiyo imepungua nguvu. Fenty Beauty, vipodozi vya mwimbaji Rihanna, ilipotoka Septemba 2017 ilianza na rangi 40, baadaye zikafika 50, na kampuni nyingine zikaanza mbio za kuongeza zao. Kwa hiyo siwezi tena kusimama hapa niwaambie kwamba hakuna anayetengeneza rangi yetu. Rangi zipo. Haziagizwi.

Twende Dubois Road, hapa hapa katikati ya jiji, mnayoijua wote. Katoni inafunguliwa kwenye duka la jumla. Orodha ya kiwanda ina namba kumi na mbili, kila namba na rangi yake, mwenye duka ameagiza sita. Sita zipi? Za katikati. Zile nyeupe kabisa ameziacha kwa kuwa hana wateja wazungu, na hapo simlaumu. Zile tatu za mwisho, nyeusi, ameziacha pia, na ukimuuliza anakupa jibu ambalo kila mmoja wenu amelisikia kaunta: "Hizo hazitoki."

Hazitoki. Haya, zilikaa rafuni muda gani kabla hujaamua kwamba hazitoki? Mara nyingi ukichunguza utakuta ziliwahi kuletwa mara moja, tyubu moja moja, zikapangwa chini kabisa nyuma ya mafuta ya nywele, bila testa, ile tyubu ya kujaribia. Mteja mweusi hakuziona. Hakuziulizia pia, kwa sababu amezoea kuambiwa hakuna, na mtu akishazoea jibu hilo haulizi tena. Mwezi ukaisha, tyubu zikawa pale pale, na mwenye duka akahitimisha kwamba watu weusi hawanunui fondesheni. Katika jiji la Nairobi, jamani! Simama mlangoni mwa duka lako saa kumi na moja jioni, watu wakielekea stendi za matatu, uwatazame nyuso zao kwa dakika kumi tu. Kisha geuka utazame rafu yako. Rafu ile unamuuzia nani?

Na yule mteja anayejikaza akauliza, hupewa nini? Mhudumu anachukua namba iliyo karibu, anampaka mgongo wa kiganja chini ya taa ya dukani, anamwambia, "Dada, hii itakukaa tu, utaongeza poda ya kahawia juu." Dada analipa. Anatoka nje, anajitazama kwenye kioo cha gari lililoegeshwa, uso mwekundu, shingo nyeusi. Anarudi nyumbani akijua moja: yeye mekapu haimfai. Amepotea mteja wa maisha, na mhudumu anadhani ameuza.

Jambo hili halikuanza Nairobi, ingawa Nairobi imo ndani ya kisa chake. Iman, yule mwanamitindo, mnamjua. Alizaliwa Mogadishu, akasoma sayansi ya siasa Chuo Kikuu cha Nairobi, na ni kwenye barabara za jiji hili hili ambako mpigapicha Peter Beard alimwona mwaka 1975. Si muda akawa New York, mbele ya kamera za jarida la mitindo la Vogue. Amesimulia mwenyewe mara nyingi kwamba fundi wa mekapu alimuuliza kama amekuja na fondesheni yake. Hakuja nayo, basi akapakwa kilichokuwepo, na alipojitazama akajiona wa kijivu. Tangu hapo akawa anajichanganyia mwenyewe. Mwaka 1994 akaanzisha kampuni yake ya vipodozi.

Kabla yake kulikuwa na Eunice Johnson huko huko Marekani. Aliona wanamitindo wa maonyesho yake ya mavazi wakichanganya fondesheni mbili tatu nyuma ya jukwaa ili wapate rangi zao, na mwaka 1973 ikazaliwa kampuni yake ya vipodozi, Fashion Fair. Angalieni hapo wanafunzi: waliotangulia kujua dawa ya tatizo hili walikuwa wale waliokuwa wakipakwa. Wenye maabara walikuja baadaye.

Na kwetu? Suzie Wokabi, fundi wa mekapu, alianzisha vipodozi vya SuzieBeauty, na mwaka 2016 kampuni ya Flame Tree Group ikavinunua. Nelly Tuikong, aliyesomea uuguzi, akaanzisha Pauline Cosmetics. Mwaka 2013 L'Oréal ya Ufaransa ilifunga safari mpaka hapa, ikanunua biashara ya vipodozi ya Interconsumer Products, wale wa Nice & Lovely. Wageni wameliona soko la ngozi zetu wakalipia pesa. Wewe uliyezaliwa ndani ya soko unaniambia hazitoki.

Hiyo Fenty niliyoitaja iliingia Kenya rasmi Mei 2022, siku moja na Nigeria, Ghana, Afrika Kusini, Zambia, Zimbabwe, Namibia na Botswana. Karibu miaka mitano yote ya kabla ya hapo ilikuwa inakuja kwenye masanduku ya mashangazi wanaotoka ng'ambo, na kwa wauzaji wa Instagram waliojipangia bei. Watu walinunua hata hivyo. Walitoa pesa nyingi, wakasubiri wiki kadhaa, wakakubali kuchagua namba kwa kuangalia picha kwenye simu. Mkitaka ushahidi kwamba mteja wa rangi nyeusi yupo na ana pesa, ni huo.

Sasa tuingie ndani ya tyubu, maana fundi asiyejua kilichomo atabaki kubahatisha.

Rangi ya fondesheni nyingi inatokana na vitu vinne. Kuna oksidi za chuma tatu, nyekundu, njano na nyeusi. Cha nne ni titaniamu dioksidi, unga mweupe, na huo ndio wenye nguvu kubwa ya kufunika madoa. Hapo ndipo mambo yanapoharibikia. Kiwanda kinaanza na fondesheni iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mweupe, yenye unga mweupe mwingi. Kikitaka namba nyeusi, kinaongeza oksidi nyeusi juu yake. Nyeusi na nyeupe zikikutana hutoa kijivu. Ni sawa na kutaka chai ya rangi kutoka kwenye sufuria ambayo maziwa yameshatiwa: ongeza majani ya chai utakavyo, chai ya rangi huipati tena. Mteja anapauka, anaonekana mgonjwa, na fundi anamlaumu kwamba ngozi yake ni kavu.

Namba nyeusi nzuri hutengenezwa upya tangu mwanzo. Unga mweupe hupunguzwa sana au huondolewa, na nyekundu na njano huachwa zifanye kazi. Kwa ngozi nyeusi kabisa hata hizo hazitoshi, kwa sababu ukizidisha nyekundu uso unawaka na ukizidisha nyeusi unakuwa tope. Balanda Atis, mkemia wa L'Oréal nchini Marekani mwenye asili ya Haiti, alitumia buluu, ile iitwayo ultramarini, ili rangi ipate kina bila kuwa tope. Buluu ndani ya fondesheni! Wanafunzi mkisikia mnacheka, lakini mtazame mtu mweusi tii akiwa juani, mahali mwanga unapompiga kwenye mfupa wa shavu. Buluu imo.

Mkiwa dukani fanyeni hivi. Chukueni tone la namba nyeusi, mlitandaze mpaka liwe jembamba sana. Kingo zake zikionyesha ukungu mweupe, unga mweupe ni mwingi humo. Likibaki safi mpaka mwisho, hiyo mnaweza kuiamini. Testa ikiwa imejaa vumbi na vidole vya watu, ombeni sponji safi. Na mwenye duka asiyekuwa na testa ya namba nyeusi anajiibia mwenyewe.

Sasa tuje kwenye uso wa mteja, na hapa nitakaa kidogo.

Watu wawili wanaweza kuwa weusi sawasawa na bado wasivae namba moja. Mmoja ngozi yake inavutia kwenye wekundu, mwingine kwenye njano, mwingine kwenye ile buluu niliyosema, na wapo wasioelemea popote. Tunaita rangi ya ndani. Kwenye vitabu vya ng'ambo mtasoma kwamba itazamwe mishipa ya kifundo cha mkono, ikiwa kijani rangi yake ya ndani ni ya joto, yaani inaelemea njano, ikiwa buluu ni ya baridi, yaani inaelemea buluu. Kwa ngozi nyeusi achaneni na habari hiyo, mishipa yenyewe haionekani vizuri. Wengine wanamuuliza mteja kwao ni wapi ndipo wachague tyubu. Hilo nalo naomba liishie leo. Ndugu wa tumbo moja hutofautiana kwa namba tatu, sembuse kabila zima.

Njia ninayoitegemea ni mistari mitatu. Nachagua fondesheni tatu zenye weusi unaolingana, moja ya njano, moja ya nyekundu, moja isiyoelemea popote. Nazichora kuanzia chini ya shavu, zivuke taya, ziingie shingoni. Si mgongo wa kiganja, si ndani ya mkono, kwa sababu mikono haifanani na uso kwa mtu yeyote niliyewahi kumpaka. Kisha nasubiri. Dakika kumi, kumi na tano. Mafundi wengi mnashindwa hapa, mnafutafuta kabla haijakauka. Sehemu ya majimaji yake huyeyuka hewani, mafuta ya ngozi huchanganyika na rangi, na kilichobaki huwa kimekoza kuliko kilichotoka kwenye tyubu. Mteja akinunua kabla ya dakika hizo kwisha, amenunua rangi ambayo hataivaa. Mstari unaopotea ndani ya ngozi, unautafuta huuoni, huo ndio wake. Unaoonekana hata kidogo si wake, hata kama mhudumu anaapa.

Na msisome mistari hiyo ndani ya duka. Taa za maduka yetu nyingine ni za njano, nyingine za buluu, nyingine zimezungukwa na rafu za waridi zinazorusha rangi yake usoni mwa mteja. Mtoeni mlangoni. Nairobi inatupa mwanga mzuri kuliko tunavyojua. Wingu la Julai linalowanunisha wengi ndilo rafiki mkubwa wa fundi, maana linasambaza mwanga sawasawa na uso unaonekana ulivyo. Jua la Januari saa sita ndilo linalodanganya, kwa hiyo msogezeni mteja chini ya baraza, kivulini, uso ukitazama nje. Mkipamba bibi harusi ndani ya hema la kijani, kumbukeni kila uso uliomo humo una kijani. Na leso ya rangi kali mabegani ivuliwe kwanza.

Kuna swali moja ambalo mafundi wanagombana juu yake, na mimi nina upande wangu. Uso ukiwa mweusi kuliko shingo, unafuata upi? Hali hiyo ni ya kawaida hapa. Tuko karibu na Ikweta na juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na Shirika la Afya Duniani linasema kwa kila mita 1,000 za kupanda, miale ya jua inayochoma ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10. Uso unaipata kila siku, shingo imejificha chini ya kidevu. Wako wanaosema fuata uso. Mimi kwa bibi harusi nafuata kifua, kwa sababu gauni liko wazi na picha itapigwa uso na kifua pamoja. Kwa dada wa ofisini anayevaa shati la kola nafuata pembeni mwa uso wake, karibu na sikio, na kumwachia weusi wake wa paji. Uso wa mtu hauna rangi moja. Paji limekoza, mashavu yamefifia, kuzunguka midomo pamekoza tena. Ukiupaka wote rangi moja kama ukuta unampotezea sura. Weusi wa chini ya macho uzimwe kwanza kwa rangi ya machungwa, nyembamba, ndipo fondesheni ifuate. Ukiufunika kwa konsila, ile krimu nzito ya kufichia madoa, iliyo nyeupe unapata kijivu kile kile cha kiwandani, safari hii umekitengeneza mwenyewe.

Kwa kuwa ngozi inabadilika na msimu, mteja yule yule aliyevaa namba moja Februari anaweza kuhitaji nyingine Agosti. Mwambieni mapema asije akadhani mlimdanganya.

Kuhusu namba zenyewe, zisiwatie hofu. Namba 7 ya kampuni moja ni namba 3 ya nyingine, na hakuna sheria. Madaktari wa ngozi wana kipimo chao, cha Fitzpatrick wa Harvard, cha mwaka 1975, ambacho kilitengenezwa kwa ajili ya ngozi nyeupe na jua, na ngozi za kahawia na nyeusi zikaongezwa baadaye. Mei 2022 Google walitoa kipimo kingine walichokitengeneza na Ellis Monk, mwanasosholojia wa Harvard, chenye ngazi 10. Hivyo vyote vinasaidia wenye kompyuta. Dukani jicho lako na mlango uliofunguliwa vinatosha. (Nami nasubiri siku kampuni itakapomaliza kutuita kahawa na chokoleti. Wenzetu weupe wanaitwa pembe za ndovu na kaure, sisi tunaliwa.)

Mafundi wanaoanza huniuliza wanunue tyubu ngapi. Chache kuliko mnavyodhani. Nunueni ya mwisho kabisa kwa weusi, nunueni ya kati, nunueni moja nyepesi, zote za kampuni moja na aina moja, halafu mwongeze vichupa vitatu vya kuchanganyia: njano, nyekundu na buluu. Changanyeni juu ya kibati cha chuma cha pua, si juu ya mkono, kwa sababu joto la mkono na rangi ya ngozi yenu vinaharibu hesabu. Nimesema kampuni moja na aina moja kwa makusudi. Ipo fondesheni ya maji, ipo ya silikoni, ipo ya mafuta, na hazielewani. Mkichanganya ya maji na ya silikoni itakatika usoni mwa mteja katikati ya sherehe, ikawa vipande vipande. Tazameni majina ya kwanza kwenye orodha ya viambato; mkiona dimethicone imetangulia, hiyo ni familia ya silikoni. Mchanganyiko ukikubali, andikeni: matone mangapi ya nini, tarehe, jina la mteja. Harusi ina bibi harusi, wapambe, mama wa pande mbili na shangazi asiyealikwa kupambwa lakini atakaa kitini tu. Bila daftari mtapotea.

Mpigapicha naye azungumzwe naye mapema. Poda nyeupe za kumalizia na krimu za jua zenye titaniamu au zinki hurudisha mwanga wa flashi, na uso mweusi ukatoka kwenye picha ukiwa na unga. Mpigeni mteja picha moja ya flashi kwa simu kabla hajatoka kitini. Na zimeni ile kazi ya simu ya kung'arisha uso, inawadanganya nyinyi kwanza.

Sasa kuna mteja anayekaa kitini akasema, "Nipake nitoke mweupe kidogo." Sitawaambia mumfukuze, na sitawaambia mumhubirie. Mpakeni rangi yake sawasawa, mumwekee mwanga kwenye mfupa wa shavu na daraja la pua, mumpe kioo mlangoni. Wengi walioomba weupe walikuwa wanaomba kuonekana, kwa sababu kila fondesheni waliyowahi kupakwa iliwafuta. Asiyeridhika baada ya hapo ana haki yake. Kitu kimoja tu msikubali: akiwauliza krimu ya kujichubua, msiwe nyinyi wa kumwonyesha kibanda. Zebaki na haidrokwinoni zimekatazwa kwenye vipodozi na KEBS, shirika la viwango la Kenya, na bado zinauzwa hatua chache kutoka kwenye fondesheni. Zebaki inaharibu figo. Na ngozi iliyochubuliwa haikai kwenye rangi moja, kwa hiyo hata fondesheni yake huwezi kuichagua.

Wenye maduka, sikuwasahau. Bidhaa bandia ni nyingi na mnajua zinaingiaje. Angalieni alama ya KEBS. Namba ya kibali inaweza kuhakikiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Mnayouza iwe halisi kwanza, ndipo tuzungumze rangi. Kuhusu oda, ombi langu ni moja. Wekeni daftari kaunta, safu moja tu: rangi iliyoulizwa ikakosekana. Mhudumu aiandike kila mara, hata mteja akiondoka amenuna. Mwenye duka akikaa na karatasi ya oda, daftari liwe pembeni yake. Hapo hamtakuwa mnaagiza kwa kukisia tena.

Nina nafasi ya maswali machache.

Mama mmoja mwenye duka aliuliza: "Nikileta hizo nyeusi zikabaki, hasara ni ya nani?"

Mama, ni yako, sitakuficha. Kwa hiyo usilete kumi na mbili kwa pupa. Chukua mbili za mwisho, tyubu tatu tatu, na testa zake, uziweke usawa wa macho, si chini. Mwombe msambazaji akubali kubadilisha zisizotoka. Anakubali kwa lipstiki, kwa nini asikubali kwa hizi? Tyubu ambayo haijafunguliwa hukaa zaidi ya miaka miwili ikiwa haipigwi na jua la dirishani. Ikifunguliwa ndipo mahesabu yanaanza, tazama ile alama ya kikopo kilichofunguka, imeandikwa 12M au 18M, ni miezi.

Mwanafunzi aliuliza kama programu za simu zinazochagua rangi kwa kutumia kamera zinaaminika.

Zinakuonyesha mtaa, hazikuonyeshi nyumba. Kamera ya simu inarekebisha mwanga yenyewe bila kukuuliza, na taa ya chumba chako imo ndani ya jibu unalopewa. Zitumie kupunguza namba ishirini ziwe nne, kisha uende na hizo nne mlangoni.

Na dada wa mwisho: "Mteja wangu ana shilingi mia tano tu na anataka kupendeza kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ya dada yake Jumamosi. Nimuuzie nini?"

Usimuuzie fondesheni ya mia tano. Kwa bei hiyo mara nyingi atapata namba ya katikati yenye unga mweupe. Mwuzie poda iliyokandamizwa ya rangi yake hasa, ambayo utaijua kwa mistari ile ile ya tayani, uifuatilie mpaka mlangoni. Apake mafuta yake ya kila siku kwanza, asubiri yaingie, kisha poda kidogo kwenye paji, pua na kidevu, mashavu ayaache. Kama wewe fundi una tone moja la fondesheni yake mkobani, lichanganye na losheni yake, umpake nyembamba, ikiwa zinakubaliana. Jaribu nyuma ya sikio kwanza. Wanja na rangi ya mdomo vitafanya kazi iliyobaki. Na mwandike kwenye daftari namba yake, ili akija na elfu mbili mwezi ujao usianze upya.